Kuhifadhi kaseti na picha za makumbusho madogo: hatua tulizofuata, na diski iliyotudanganya

Nimetoka kumsaidia mwalimu mmoja mstaafu anayetunza makumbusho madogo ya kijiji, mwendo wa saa moja hivi kwa matatu kutoka mjini Kisumu. Sisemi yale ya serikali pale mjini, yenye boma la Kijaluo na nyoka. Haya ni chumba kimoja cha mabati: vigoda, nyatiti mbili, picha kama 400, na sanduku la kaseti 62 za miaka ya 1980, wazee wakieleza koo zao zilivyofika pale. Wengi wao wameshazikwa.

Nilimwambia kuzihamishia kaseti na picha kwenye kompyuta ni kazi ya wiki tatu. Ilichukua miezi minne, na sehemu kubwa ya muda huo ililiwa na hatua ya 5. Ukiwa na haraka, soma hiyo kwanza.

Hatua ya 1: Orodhesha kabla hujagusa kompyuta

Kaunta buku na kalamu vinatosha. Kila kaseti ipewe namba, iandikwe kwenye kasha na kwenye kaseti yenyewe pia, maana makasha hubadilishana. Mwalimu alikuwa ameandika vizuri sana, lakini kwenye makasha tu.

Hatua ya 2: Rekodi na skani

Sitakaa hapa, maelezo yake yamejaa kila mahali. Safisha kichwa cha deki kwa pamba na spiriti, rekodi kwa programu ya Audacity, hifadhi WAV (faili ya sauti isiyobanwa) ya biti 24 na kilohezi 96, yaani vipimo vya ubora wa sauti. Chama cha kimataifa cha hifadhi za sauti, IASA, kinataka usishuke chini ya kilohezi 48. Saa moja ya kaseti kwa kilohezi 96 hula karibu gigabaiti 2. MP3, ambayo sauti yake imebanwa, ni ya kuwachezea wageni, haiwezi kuwa nakala mama. Na ule mchakarisho wa kaseti usiuondoe kwenye nakala mama. Atakayeutaka aufute kwenye nakala yake. Picha ziwe TIFF, aina ya faili inayotunza picha bila kuipunguzia ubora.

Angalizo moja tu. Watu watakuletea picha na sauti kwa WhatsApp. Picha ikitumwa kama picha inabanwa, na tarehe ya kupigwa iliyokuwa ndani ya faili inapotea. Waombe waitume kama hati, au waje na simu yenyewe na waya. Rekodi za matanga kutoka simu za zamani huja zikiwa AMR, aina ya faili ya sauti ya simu. Hizo zigeuze WAV, lakini ile ya asili uibakize vilevile.

Hatua ya 3: Majina ya faili

Namba ya kaseti, upande, basi: K044_A.wav. Hakuna nafasi, hakuna jina la mtu wala la mahali.

Mwalimu hakupenda. Alitaka faili zisomeke, na ukweli ni kwamba yeye ndiye atakayezitumia. Nikamwonyesha folda mbili alizokuwa amefungua, zote zinaitwa Nyang'oma. Ukizitazama ni mapacha. Kumbe moja aliiandika kwa kompyuta, ng' yenye kikoma kilichonyooka, nyingine kwa simu, na simu ikaweka kile kilichopinda. Kwa kompyuta hayo ni majina mawili tofauti: ukitafuta moja, nyingine haitokei. Huku kwetu ng' imejaa kila mahali, kwa hiyo iache kwenye orodha ya maelezo, isiingie kwenye jina la faili.

Hatua ya 4: Tengeneza cheksamu mapema

Cheksamu ni kama alama ya kidole gumba kwenye kitambulisho. Programu inaisoma faili yote na kutoa mfuatano wa herufi na tarakimu; kwa SHA-256, aina ya cheksamu ninayotumia, ni 64. Ikibadilika biti moja tu ndani ya faili, mfuatano unakuwa mwingine kabisa. Itengeneze siku hiyohiyo unapomaliza kurekodi, kabla faili haijahama popote.

Mimi hutumia mfumo wa Linux Mint kwenye laptopu kuukuu, na amri ni moja:

sha256sum *.wav > orodha.txt

Kukagua baadaye ni sha256sum -c orodha.txt, nayo inakujibu faili moja baada ya nyingine. Kwenye Windows, programu ya TeraCopy inafanya kazi hiyo. Wenye makusanyo makubwa hufunga kila kitu kwa mtindo wa BagIt, ulioanzia Maktaba ya Bunge la Marekani na Maktaba ya Kidijitali ya California: folda moja yenye data ndani na orodha ya cheksamu kando. Ni mtindo mzuri, ila futa kwanza vile vifaili Windows hujitengenezea, kama Thumbs.db. Vikiingia kwenye orodha, siku Windows ikiviandika upya utaambiwa mfuko wako (ndivyo BagIt inavyoiita folda hiyo) umeharibika, na utapoteza alasiri nzima kutafuta kosa lisilokuwepo.

Hatua ya 5: Ijaribu diski kabla hujaiamini

Cheksamu nilizijua tangu zamani. Sikuzifanya. Niliona tutazifanya mwishoni, kazi ikishatulia.

Laptopu ya Mwalimu ina gigabaiti 256 tu, na kaseti zile peke yake zingekula kama 130. Tukanunua diski ya nje mjini: nyembamba, nyepesi, imeandikwa terabaiti 2, bei chini ya nusu ya ile niliyoiona kwingine. Nilipaswa kushtuka, nikafurahi. Kila tulipomaliza kaseti kadhaa tukazinakili, tukaifungua folda ya diski, tukaona majina yote yapo na ukubwa wa kila faili ni uleule. Laptopu ilipokaribia kujaa, nikafuta zilizokuwa humo. Mimi mwenyewe, wala sikulazimishwa.

Siku moja kijana mmoja akaja kusikiliza sauti ya babu yake. Kaseti ya 44 haikufunguka. Wala ya 45. Tukarudi nyuma moja moja mpaka ya 29, hiyo ikacheza. Mwalimu akaniuliza polepole, "Kijana wangu, si uliniambia zimo humu?"

Majina yalikuwamo. Nilipolibandua kasha nikakuta kadi ndogo ya kumbukumbu kama ya simu, imegandishwa kwa gundi kwenye kipande cha saketi, na nafasi iliyobaki ni tupu. Uwezo wake halisi ulikuwa gigabaiti 64. Diski za namna hii zimechezewa ili ziiambie kompyuta uongo. Orodha ya majina na ukubwa wa faili hukaa mwanzoni mwa diski, na mwanzo huo ni mzima, kwa hiyo folda inaonekana sawa. Kinachoandikwa baada ya nafasi ya kweli kuisha kinatupwa hewani, na kompyuta haioni kosa lolote. Nyingine hurudi mwanzo na kuandika juu ya faili za kale, hapo unapoteza za kwanza badala ya za mwisho.

Sasa hakuna diski wala flashi inayoingia kazini kwangu bila jaribio. Kwenye Windows ni programu ya H2testw, kwenye Linux na Mac ni F3. Zote zinaijaza diski yote kwa data ya majaribio, kisha zinaisoma tena kuona kama ndiyo ileile. Zingatia haya:

Ijaze yote. Usijaribu kwa gigabaiti 10 ukaridhika, maana diski ya uongo hufaulu vizuri sana pale mwanzoni.

Ifanye ikiwa tupu, kabla ya faili ya kwanza.

Tenga muda. Diski halali ya terabaiti 2 kwa kasi ya megabaiti 100 kwa sekunde inahitaji saa tano na nusu kuandika na nyingine kama hizo kusoma. Ukiichomeka kwenye tundu la USB 2 zidisha kwa tatu. Izuie laptopu isilale, na uwe na betri ya kuaminika, kwa sababu stima ikipotea saa tisa ya usiku unaanza upya.

Ukipata makosa machache yaliyotawanyika, badilisha waya kwanza. Waya mbovu hutoa makosa pia. Diski ya uongo haitawanyi: inakuwa safi mpaka mahali fulani, kisha kila kitu ni kibovu, au kinyume chake kwa zile zinazorudi mwanzo.

Hata kwa diski halali, ukishanakili faili ondoa diski kwa utaratibu, ichomoe, ichomeke tena, ndipo ukague cheksamu. Ukikagua papo hapo, kompyuta inaweza kukusomea kilichobaki kwenye kumbukumbu yake yenyewe badala ya kilichomo kwenye diski, ukaambiwa sawa wakati si sawa.

Na usihamishe faili kwa kukata na kubandika. Nakili, kagua, kisha ndiyo ufute. Ukiweza kusubiri nakala mbili zikaguliwe kabla ya kufuta, subiri.

Tulirekodi upya kaseti 33. Kaseti haikubali kuharakishwa; saa moja ni saa moja. Ya 51 ikamezwa na deki. Fundi wa redio wa pale sokoni akaunga mkanda kwa utepe maalumu wa kuungia (selotepu ya kawaida gundi yake huvuja na kunasa deki), lakini sekunde chache zilikuwa zimekwisha. Mzee yule anamtaja mama yake, na jina linakatikia katikati.

Hatua ya 6: Nakala tatu

Moja makumbusho, moja mjini Kisumu, moja Nakuru kwa mwenzangu. Ile ya makumbusho na ile ya mjini haziachwi zimechomekwa kwenye kompyuta iliyounganishwa na umeme, kwa kuwa radi za huku hazibishi hodi, nazo hupitia nyaya. Zikae kwenye mkebe unaofunga vizuri pamoja na vile vipakiti vinavyokuja na viatu vipya, kwa ajili ya unyevu wa ziwa. Mtandaoni ukiweza kulipa, sawa, lakini iwe ya nne: malipo yakikatika, akaunti hufungwa. Flashi ni ya kusafirishia, usihifadhi humo.

Hatua ya 7: Maelezo na ruhusa

Jedwali moja la CSV (maandishi matupu ambayo programu yoyote ya majedwali huyafungua) lililohifadhiwa kwa UTF-8, mfumo wa herufi unaokubali alama zote, likae folda moja na faili: namba, nani anazungumza, wapi, mwaka, lugha, nani aliruhusu. Hapa sasa andika Nyang'oma upendavyo. Safu ya ruhusa usiiache wazi. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na ile ya 2016 ya kulinda maarifa ya jadi, na zaidi ya hizo kuna jamaa za mzee wanaoishi hatua chache kutoka hapo. Kaseti tatu zinazungumzia ugomvi wa ardhi. Mwalimu aliamua zisichezwe hadharani, nami nikaandika hivyo kwenye jedwali.

Hatua ya 8: Rudi ukague

Januari na Julai, Mwalimu anachomeka diski moja moja na kukagua cheksamu, kisha anaandika tarehe na matokeo kwenye kaunta buku ileile ya hatua ya 1. Faili moja ikikataa, anaichukua kutoka nakala nyingine iliyofaulu. Kila diski ina tarehe ya kununuliwa mgongoni, na ikifika mwaka wa nne inatafutiwa mrithi. Mrithi huyo naye anapitia hatua ya 5, hata kama kasha lake halijafunguliwa na risiti ni ya duka kubwa, na ya zamani haitoki mkebeni mpaka mpya iwe imekaguliwa.