Invoisi zinaangukia spamu? Anza na SPF

Wiki iliyopita dada mmoja mwenye nyumba ya wageni Paje alinipigia simu. Invoisi anazowatumia wageni wa Italia na Ujerumani zinaangukia spamu, na vyumba vinakaa bila malipo. Nilikaa naye mpaka zikakaa sawa. Tulienda hivi.

1. Pata ushahidi kwanza. Kwa anwani ya ofisi, jitumie barua kwenye Gmail yako. Ifungue kwa kompyuta, bonyeza vidoti vitatu, chagua kuona ujumbe asilia. Juu utakuta SPF (orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma barua kwa jina la kikoa chako), DKIM (saini ya kidijitali ya barua) na DMARC (agizo la nini kifanyike barua ikifeli vipimo hivyo), na kila moja inatakiwa iwe PASS. Yake SPF ilikuwa PERMERROR, yaani rekodi yenyewe ina kosa.

2. SPF. Hapa ndipo niliwahi kupoteza usiku mzima, kwa hiyo usipaharakishe. SPF hukaa kwenye DNS, yaani rekodi za kikoa chako ambazo seva nyingine huzisoma. Kuiona, fungua dirisha la amri (terminal), uandike:

`dig +short TXT kikoachako.co.tz`

(Kwenye Windows: `nslookup -type=TXT kikoachako.co.tz`.) Mimi siachi dig. Tovuti za kupima hukujazia maonyo mekundu, ukashindwa kujua lipi ndilo tatizo.

Kwake zilitoka rekodi mbili zinazoanza na `v=spf1`. Moja iliwekwa na kampuni ya hostingi, ya pili na fundi aliyemhamishia barua Google Workspace. Kila moja peke yake iko sahihi, ndiyo maana jicho linazipita. Lakini kanuni ya SPF, RFC 7208 ya mwaka 2014, inataka rekodi moja tu. Zikiwa mbili, upande wa kupokea hauchagui, unarudisha kosa. Ziunganishe, kisha ufute ile nyingine:

`v=spf1 include:_spf.google.com ip4:203.0.113.10 ~all`

Hiyo ip4 ni ya seva ya tovuti inayotuma uthibitisho wa booking. Weka ya kwako. `~all` ikae mwisho, kwa sababu kinachoandikwa baada yake hakisomwi. Usiweke kamwe `+all`, maana unamruhusu kila mtu duniani atume kwa jina lako. Tena, SPF nzima isizidi maulizo 10 ya DNS. Kila `include`, `a` na `mx` inahesabiwa, pamoja na include zilizomo ndani ya include. `ip4` haihesabiwi, ndiyo maana naipendelea kwa seva isiyobadilisha anwani.

Halafu TTL, yaani sekunde ambazo jibu la DNS huhifadhiwa kabla ya kuulizwa upya. Ikiwa ni 14400, jibu la zamani linaweza kubaki kwa muda wa saa nne nzima. Ishushe iwe 300 mapema, kabla ya kugusa rekodi. Na ukishabadilisha, subiri. Usiku ule wangu niliharibu rekodi iliyokwisha kuwa sawa, nikidhani bado ina kosa.

3. DKIM. Kwenye Google Workspace tengeneza ufunguo wa biti 2048, uweke kwenye DNS, kisha rudi Google uiwashe. Kwenye jina andika `google._domainkey` tu, dashibodi nyingi huongezea kikoa zenyewe, na ukiliandika jina zima kikoa kitajirudia mara mbili.

4. DMARC. Jina `_dmarc`, thamani `v=DMARC1; p=none; rua=mailto:ripoti@kikoachako.co.tz`. `p=none` ni kutazama tu. Soma ripoti zinazokuja kwenye anwani hiyo wiki kadhaa ndipo uhamie `p=quarantine`, yaani barua zinazofeli ziende spamu. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wanaidai kwa watumaji wa barua nyingi, lakini hata ukituma invoisi kumi kwa siku, iweke.

5. Rudia hatua ya 1. Zake zilisoma PASS zote tatu. Invoisi ya majaribio ikatua kwenye kikasha cha mdogo wake, naye akaanza kuwatumia upya wageni waliokuwa hawajalipa.