Somo: Kumrekodi mtafiti wa bahari aliyestaafu

Si watafiti wote wa bahari wanaobaki Mombasa wakistaafu. Wapo waliorudi bara, na hapa Nairobi ukiulizia huwakosi.

Hatua ya 1. Soma kwanza. KMFRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa bahari na uvuvi, ilianzishwa 1979, matumbawe yetu yakapauka vibaya 1998: mambo hayo yako kwenye ripoti, usimchoshe mzee kwayo. Tena usimtafute daktari wa sayansi peke yake. Nahodha, mpiga mbizi na fundi wa maabara ndio wenye visa, na majina yao ni nadra kwenye makala.

Hatua ya 2. Ridhaa ya maandishi: nani atasikiliza, sauti itakaa wapi, sehemu gani ifungwe isisikilizwe na watu.

Hatua ya 3. Hapa ndipo penye kazi. Ukisema "tueleze maisha yako" utasomewa wasifu wa kuombea kazi. Uliza: "Mzee, ulipoyaona matumbawe meupe mara ya kwanza, ulikuwa majini au mashuani? Nani alikuwa nawe?" Mtandazie ramani ya Gazi, ghuba ya pwani ya kusini, mezani. Mikono ikianza kusimulia, wewe itamkie: "Naona unaonyesha maji ya kiunoni," maana kinasa sauti hakioni. Akitaja samaki tafi, muulize ni tafi yupi. Akinyamaza, nyamaza nawe.

Hatua ya 4. Simu iwe katika hali ya ndegeni, faili iwe WAV, yaani sauti isiyobanwa. Chagua chumba chenye mapazia na makochi, mbali na honi za matatu. Friji inavuma? Omba izimwe, kisha weka funguo zako ndani yake. Hutaondoka bila kuiwasha.

Hatua ya 5. Nakala tatu, moja ikae nyumba nyingine. Usiku huohuo andika muhtasari unaoonyesha kila jambo liko dakika ya ngapi.

MASWALI (kutoka mitaa ya Nairobi)

*Umoja:* Mwalimu, mzee wangu anachanganya miaka. Nimsahihishe?
— Usimkatize. Muulize ilikuwa kabla au baada ya mvua za El Niño za 1997. Tarehe sahihi iandike kwenye muhtasari, sauti usiiguse.

*Kasarani:* Amemsema bosi wake wa zamani vibaya sana. Nifute?
— Hapana. Msikilizishe kipande hicho, aamue mwenyewe kama kifungwe, na hadi mwaka gani.

*South B:* Rekodi niipeleke Nyaraka za Taifa pale Moi Avenue?
— Waulize kwanza wanapokea faili za namna gani. Lakini nakala ya kwanza wape watoto wake.