Binti wa kazi aliye chini ya miaka 18 anapoteswa: hatua za kufuata Tanzania

Majirani wengi wenye huruma huchanga nauli na kumpandisha mtoto basi arudi kwao. Usifanye hivyo. Akishafika kijijini, shahidi mkuu yuko mbali, majeraha yamepona bila daktari kuyaona, ujira wake umebaki kwa bosi, na dalali aliyemtoa huko anaweza kumrudisha mjini, nyumba nyingine. Kurudi kwao ni hatua ya mwisho, na huja baada ya Afisa Ustawi wa Jamii kuichunguza familia.

Kwanza ijue sheria, maana utabishiwa. Kwa Sheria ya Mtoto, Na. 21 ya 2009, mtoto ni yeyote aliye chini ya miaka 18. Umri wa chini wa kuajiriwa ni miaka 14, na hapo napo ni kazi nyepesi tu, isiyomdhuru wala kumzuia kwenda shule. Hapaswi kuwa kazini kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi. Ana haki ya kulipwa kulingana na kazi anayofanya, kwa hiyo "tunamlisha na kumvisha" si jibu. Kama alitolewa kijijini na mtu aliyemsafirisha au kumpokea ili atumikishwe, hiyo yaweza kuwa biashara haramu ya usafirishaji wa binadamu chini ya sheria ya mwaka 2008, na hapo ridhaa ya mtoto au ya mzazi wake si utetezi. Itaje polisi kwa jina lake. Isipotajwa, dalali huachwa nje ya jalada na kesi ikabaki ya ugomvi wa nyumbani. (Zanzibar ina sheria yake ya mtoto, Na. 6 ya 2011.)

Kabla hujaripoti: daftari

Kama hakuna hatari ya papo hapo, anza kuandika. Tarehe, saa, ulichokiona, nani mwingine alikiona. Mfano: "Jumanne, saa 11 alfajiri, anafua nje. Mkono wa kushoto una malengelenge kuanzia kiganjani hadi kiwiko. Amesema: mama alinimwagia chai." Maneno ya mtoto yaandike kama alivyoyatamka, usiyanyooshe. Muulize mara moja tu, kwa swali la wazi: "Umepatwa na nini?" Ukimwuliza "Alikuchoma makusudi, si ndiyo?" umemtilia jibu mdomoni, na wakili wa upande wa pili atalitumia hilo. Picha zake usizitume kwenye magrupu ya WhatsApp. Mhakikishie mtoto faragha yake, na usimpe mwajiri nafasi ya kumhamisha usiku.

Wapi pa kwenda

Piga 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto. Ni bure, saa 24, na mtoto mwenyewe anaweza kupiga. Wao huunganisha taarifa na Afisa Ustawi wa eneo husika.

Serikali ya mtaa au kijiji nayo ina wajibu kisheria wa kupokea taarifa ya mtoto anayenyimwa haki zake, na wewe una wajibu wa kuitoa. Peleka barua nakala mbili, ya kwako igongwe muhuri na tarehe. Taarifa ya mdomo kwa mwenyekiti anayefahamiana na mwajiri huishia barazani. Ukiona hivyo, nenda ofisi ya Ustawi ya halmashauri moja kwa moja.

Akiwa amepigwa, ameunguzwa au amefanyiwa ukatili wa kingono, fika kituo cha polisi na uulize Dawati la Jinsia na Watoto. Usiikubali kaunta ya mbele ambako kila mtu anasikia. Ondoka na vitu viwili: namba ya RB, yaani ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi, na fomu ya PF3 ya kupeleka hospitali. Hali ikiwa mbaya, anzeni hospitali. PF3 itafuatwa baadaye. Hospitali kadhaa kubwa zina Kituo cha Mkono kwa Mkono, ambako daktari, polisi na ustawi wanapatikana sehemu moja, mtoto asirudie maelezo yake kila mlango.

Kwa ukatili wa kingono, saa zinahesabika. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU hufaa zikianzwa ndani ya saa 72, na mapema ndiyo bora. Asioge wala kubadili nguo kabla ya kupimwa. Kama ameshabadili, nguo zile ziwekwe kwenye bahasha ya karatasi. Mfuko wa plastiki hutunza unyevu na kuharibu ushahidi.

Panapovunjikia kesi

Umri ni sehemu ya kwanza. Katika kosa la kumbaka mtoto, ambalo adhabu yake haipungui miaka 30, umri lazima uthibitishwe. Tafuteni mapema cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki au rekodi ya shule. Mzazi naye anaweza kutoa ushahidi wa umri. Ya pili ni ahadi. Mtoto asiyezidi miaka 14 anaweza kutoa ushahidi bila kiapo, lakini lazima aahidi kusema kweli na kutosema uongo, na hakimu aiandike ahadi hiyo. Kumbukumbu ikikosa ahadi, ushahidi wake unaweza kuondolewa kwenye rufaa. Mwendesha mashtaka akumbushwe.

Ya tatu ndiyo inayoua kesi nyingi: kuyamaliza nyumbani. Ndugu wanaitwa, bahasha inatolewa, shahidi anapotea. Kesi ya jinai ni ya Jamhuri, yaani serikali ndiyo inayoshtaki. Mzazi hana mamlaka ya kuifuta kwa sababu amepokea fedha. Ukisikia kikao cha namna hiyo, mwarifu Afisa Ustawi siku hiyo hiyo, na uombe mtoto awekwe kwenye familia ya kuaminika au makao ya watoto mpaka atoe ushahidi.

Ujira wake

Kesi ya jinai ikiendelea, madai ya ujira yanaweza kupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, kwa fomu namba F.1. Mgogoro wa kuachishwa kazi hufunguliwa ndani ya siku 30, na madai mengine ndani ya siku 60. Muda ukipita, inabidi kuomba kwanza kusamehewa ucheleweshaji kwa sababu za msingi, kwa hiyo usingoje hukumu ya jinai. Kwa mtoto atasimama mtu mzima kwa niaba yake, na kama hamna wakili, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria. Muulize Afisa Ustawi au ofisi ya halmashauri akuelekeze aliyesajiliwa karibu nanyi.