Jinsi ya kupima kama mtaa unafuata amri za kufungwa wakati wa janga

Ukimsimamisha mtu mlangoni ukamwuliza kama huvaa barakoa akitoka, atakuambia huvaa. Mwaka 2020, wakati wa janga la korona, vijijini magharibi mwa Kenya, watafiti waliuliza swali hilo, kisha wakatazama watu wakipita hadharani. Karibu tisa kwa kumi walikuwa wamesema wanavaa. Waliokutwa wamevaa walikuwa kama mmoja kwa kumi. Si lazima uwaite waongo. Faini ilikuwa imeshatangazwa, hadi shilingi 20,000 au kifungo cha miezi sita, na mgeni anayeuliza maswali hajulikani katumwa na nani. Kwa hiyo hesabu kwanza unachokiona, na maswali yaje baadaye, kwa yale tu ambayo macho hayayafikii.

Maelekezo haya ni kwa wahudumu wa afya ya jamii, wanafunzi, wanahabari na vikundi vya mtaa. Mifano mingi ni ya Kenya ya 2020 na 2021, kwa kuwa amri zake zilikuwa na saa na tarehe zinazojulikana. Njia zenyewe hufaa kwa mlipuko mwingine pia: Uganda ilipozifunga wilaya za Mubende na Kassanda kwa sababu ya Ebola, Oktoba 2022, maswali yalikuwa yale yale.

Ivunje amri vipande vipande

"Wanafuata masharti?" ni swali lisilopimika. Chukua tangazo lenyewe uandike kila kitendo kinachotakiwa kwenye mstari wake. Kwa Nairobi ya Aprili 2020 ungepata: kuwa ndani kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri, kutovuka mpaka wa eneo la jiji, kuvaa barakoa hadharani, kukaa mita moja na nusu kutoka kwa mwenzako, matatu ya abiria 14 kubeba 8.

Kisha jiulize kila kitendo kinaonekanaje na wapi. Chagua viwili au vitatu tu. Timu ndogo inayotaka kupima kila kitu huishia kuwa na fomu ya kurasa nne ambayo hakuna anayeijaza baada ya saa mbili za jua.

Angalia pia amri inamhusu nani. Eastleigh na Mji wa Kale wa Mombasa zilipofungwa tarehe 6 Mei 2020, kilichokatazwa ni kuingia na kutoka. Mtu kuonekana anatembea ndani ya Eastleigh mchana hakuwa amevunja amri hiyo. Mpimaji aliyesimama katikati ya mtaa akihesabu watu alikuwa anapima wingi wa watu. Kipimo sahihi kingekuwa mpakani, na hasa kwenye vichochoro visivyo na kizuizi.

Kuhesabu barakoa

Hapa ndipo kazi nyingi ilipo, na ndipo inapoharibika.

1. Chagua vituo vitatu au vinne vya aina tofauti: steji, soko, njia ya ndani inayoelekea msalani au kwenye bomba la maji, na lango la kanisa au msikiti. Ukisimama steji peke yake utapata picha nzuri kuliko hali halisi, kwa sababu makanga humwambia abiria avae kabla ya kupanda.

2. Weka mstari wa kufikirika, tuseme kutoka kizingiti cha duka hadi nguzo ya stima ng'ambo ya barabara. Hesabu anayeuvuka mstari huo akielekea upande mmoja tu. Ukihesabu pande zote mbili, mama aliyekwenda kununua sukuma wiki ataingia mara mbili.

3. Tumia safu nne: imeziba pua na mdomo, iko chini ya pua au kidevuni, iko mkononi au mfukoni lakini inaonekana, hana. Weka alama ndogo pembeni kwa anayekula, anayekunywa au anayeongea na simu. Usiunganishe safu uwanjani. Barakoa ya kidevuni ina maana yake: mtu huyo anayo, anaijua amri, na ameivaa kwa ajili ya askari. Huyo hahitaji kugawiwa barakoa nyingine.

4. Watu wakiwa wengi, hesabu kila wa tatu. Usiruhusu jicho lichague. Jicho humchagua asiyevaa, kwa sababu ndiye anayeshtua.

5. Hesabu dakika 15, pumzika 5, kwa saa moja. Rudia asubuhi watu wakienda kazini, adhuhuri, na dakika 90 kabla ya kafyu, siku ya kazi na siku ya mapumziko.

6. Saa ya kwanza, wapimaji wawili wahesabu mstari mmoja bila kusemezana, kila mtu na karatasi yake. Baada ya watu 50, linganisheni. Mkitofautiana kwa zaidi ya watu watano, maana za safu hazijaeleweka. Mara nyingi ugomvi huwa juu ya leso, ncha ya shela na buibui lililovutwa mdomoni. Amueni mapema, andikeni uamuzi juu ya fomu, kisha muanze upya.

7. Askari akitokea, andika saa aliyofika na saa aliyoondoka, uendelee kuhesabu. Barakoa hupanda usoni mtaa mzima ndani ya dakika moja. Tofauti ya kabla na baada ni matokeo yenye thamani, lakini ukizichanganya hesabu hizo umeharibu zote mbili.

Kuhusu saa kuna kosa dogo linaloua data. Mpimaji anaandika "saa 1", anayeingiza kwenye kompyuta anasoma saa saba usiku au saa saba mchana. Kubalianeni fomu nzima itumie tarakimu za saa 24: 07:00 kwa saa moja asubuhi, 19:00 kwa saa moja jioni.

Matatu, foleni na mtungi wa kunawa

Matatu usiihesabu ikitoka steji. Hapo imetimiza amri. Hujazwa njiani, baada ya kizuizi cha polisi, na hupunguzwa kabla ya kizuizi kinachofuata. Simama kati ya steji mbili, mahali ambapo gari hupunguza mwendo, kwenye tuta au kona, uhesabu vichwa kupitia madirisha. Wapimaji wawe wawili, kila mmoja upande wake wa barabara, kwa sababu viti vya nyuma havionekani vizuri. Andika pia nauli ya siku hiyo. Gari la watu 14 likibeba 8, mwenye gari hutafuta fidia kwenye nauli, na nauli ikipanda watu hutembea kwa miguu wakiwa makundi. Hilo nalo ni jambo la kupima.

Kwenye kibanda cha maji, usipime umbali kwa mitungi. Mitungi ya lita 20 ndiyo inayopanga foleni; wenye mitungi wamekaa kivulini wakipiga soga, bega kwa bega. Pima watu. Kwa kuwa huwezi kwenda na futi kati yao, fika kabla watu hawajajaa, pima mita moja na nusu ukutani au kwenye msingi wa nyumba, kisha ukadirie kwa jicho ukitumia alama hizo.

Mtungi wa kunawa mikono una maswali matatu, na kila moja lina jibu lake: upo? una maji? una sabuni? Fungua koki mwenyewe. Mitungi mingi iliyopigwa picha siku ya kukabidhiwa ilikauka, kwa sababu hakuna aliyepewa kazi wala hela ya kuijaza.

Kafyu

Usitoke usiku kwenda kupima kafyu. Kafyu ya Kenya ilipoanza tarehe 27 Machi 2020, abiria waliokuwa wakingoja feri Likoni walipigwa na kurushiwa vitoa machozi kabla hata saa haijafika. Mpimaji mwenye fomu hana kinga ya ziada.

Pima kingo zake. Kuanzia saa moja kabla, andika saa kila duka kwenye mtaa uliochagua linapofunga, saa ambayo gari la mwisho la matatu linashusha abiria, na watu wangapi wanangoja steji bila gari. Kama dakika kumi kabla ya kafyu bado kuna watu 60 steji, uvunjaji utakaofuata umesababishwa na usafiri. Wapimaji wanaoishi mtaani wanaweza kuendelea kutoka dirishani kwao, vipande vya dakika kumi kumi, wakihesabu wanaopita tu.

Kumbuka kwamba kafyu ya barabara ya lami si kafyu ya ndani. Kwenye vichochoro na nyua za ploti maisha huendelea: jiko linawaka nje, watoto wanacheza, mtu anauza chapati mlangoni. Kuhesabu kutoka barabarani pekee hukuonyesha mahali polisi wanapofika.

Ukilazimika kuuliza

Usiulize "je, unafuata kafyu?" Uliza kuhusu siku moja na tendo moja: "Jana, ulikuwa umeingia nyumbani saa ngapi?" Halafu: "Ni nini kilikuchelewesha?" Tanguliza ruhusa: "Watu wengi wamekuwa wakichelewa kwa sababu ya gari au kazi." Swali la namna hiyo halimweki mtu kizimbani.

Kwa jambo ambalo mtu hawezi kulikiri kabisa, kuna njia ya orodha. Gawa watu kwa bahati nasibu makundi mawili. Kundi la kwanza lisomewe mambo manne yasiyo na aibu: wiki hii nilinunua unga, nilisikiliza redio, nilimpigia simu jamaa aliye mbali, nilipanda ndege. Waulize *mangapi*, wasitaje yapi. Kundi la pili lipewe hayo manne na la tano: nilikuwa nje baada ya saa ya kafyu. Wastani wa kwanza ukiwa 1.9 na wa pili 2.3, tofauti ni 0.4, yaani kama asilimia 40 walikuwa nje. Ndege imewekwa makusudi, kwa kuwa karibu hakuna atakayeihesabu. Bila jambo kama hilo, mtu atakayejibu "yote matano" amejifichua. Udhaifu wa njia hii ni kwamba inahitaji watu wengi: hata kwa 300 kila upande, makadirio yanaweza kuyumba kwa zaidi ya asilimia kumi juu au chini. Kwa watu 60, iache.

Hawezi, au hataki?

Baada ya kuhesabu, chukua kaya chache uwaulize kwa utulivu: amri mmeisikia? mna kinachohitajika? mngekuwa nacho, mngefanya? Jibu la "hapana" la kwanza ni kazi ya redio na mzee wa mtaa. La pili ni kazi ya bajeti. La tatu ndilo la ubishi wenyewe, na aghalabu ni dogo kuliko viongozi wanavyodhani. Familia ya watu sita kwenye chumba cha futi kumi kwa kumi, choo cha pamoja, maji ya kununua kwa mtungi na baba wa kibarua cha siku haiwezi "kukaa nyumbani" kwa maana aliyoikusudia mwandishi wa tangazo. Andika idadi ya watu kwa chumba, umbali wa choo na bei ya mtungi wa maji siku hiyo. Bila mambo hayo matatu, asilimia zako zitasomwa kama tabia mbaya.

Kupiga hesabu

Umehesabu watu 240: 66 wameziba pua na mdomo, 84 kidevuni, 6 mkononi, 84 hawana. Waliovaa sawasawa ni asilimia 27.5. Kosa la makadirio ni kama 5.6 juu au chini, kwa hiyo sema "kati ya 22 na 33". Kwa ujumla watu 100 hukupa kosa la asilimia 10, na 400 hukupa 5. Hayo ni ya kwenye karatasi. Watu hutembea kwa makundi, na walio pamoja huvaa au kuvua pamoja, hivyo kosa halisi ni kubwa zaidi. Dawa yake ni kuongeza vituo na siku. Kuongeza watu kwenye kituo kile kile husaidia kidogo.

Utavutiwa na takwimu za simu. Ripoti za mwendo za Google zilisimama kuongezwa Oktoba 2022, ingawa za nyuma bado zinasomeka. Zililinganisha kila siku na hali ya kati ya tarehe 3 Januari na 6 Februari 2020, kipindi ambacho huku kwetu shule hufunguliwa na watu wanarudi kutoka ushago. Tena zinawaona wenye simu za kisasa waliowasha kumbukumbu ya mahali. Mwenye mulika mwizi, ile simu ndogo ya kawaida, hayumo. Zitumie kwa jiji zima, usizishushe hadi mtaani.

Usimchongee mtu

Kufikia mwanzoni mwa Juni 2020, IPOA, mamlaka inayosimamia polisi Kenya, ilikuwa imepokea malalamiko 87 yanayohusu utekelezaji wa kafyu, yakiwemo ya vifo 15. Karatasi inayosema "steji fulani, saa mbili usiku, watu 40" ni ramani ya msako. Kwa hiyo: hakuna picha, hakuna majina, hakuna namba za ploti. Vituo vipe herufi, na ufunguo wa herufi akae nao mtu mmoja. Mwanafunzi au mtafiti wa Kenya ahakikishe ana kibali cha NACOSTI, tume ya taifa inayotoa vibali vya utafiti, na cha kamati ya maadili. Wengine wamwone chifu kabla ya siku ya kwanza. Chifu akiomba orodha ya wavunjaji, mwonyeshe fomu tupu aone haina mahali pa jina. Ripoti itoke kwa eneo pana, na kwa wiki nzima badala ya saa.

Amri ikibadilika, anza mfululizo mpya. Tarehe 7 Juni 2020 kafyu ilisogezwa kutoka saa moja jioni hadi saa tatu usiku. Mtu aliyeonekana saa moja na nusu usiku alikuwa mvunjaji wiki iliyotangulia, na raia mtiifu wiki iliyofuata. Ukichora mstari mmoja kupita hapo, utaonekana umegundua kwamba wananchi wametii ghafla. Chora mistari miwili, na katikati andika tarehe.