Picha mbili kwa kila mtu: jinsi ya kupiga picha za watu wa mtaani kwako kwa kamera ya mtumba

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye kamera ya kawaida na asiye na studio, anayetaka kuwapiga picha wale wanaoubeba mtaa wake: maalim wa madrasa, mkunga aliyestaafu, kocha wa vijana, mama wa mahamri aliyesomesha watoto wa wenziwe pamoja na wake, mshona kofia. Mimi napiga Mombasa, zaidi Mji wa Kale na ng'ambo ya Likoni, kwa hiyo nitazungumzia jua la huku, kuta za chokaa, kanzu nyeupe na unyevu wa bahari. Ukiwa Kisumu au Dodoma, utabadilisha panapohitajika.

Kanuni yangu ni moja. Kila mtu nampiga picha mbili: ya kwanza ni ile anayoitaka yeye, ya pili ndiyo ninayoitaka mimi. Mpangilio huo siupindui, na sababu yake utaiona ukifika hatua ya sita.

Hatua ya 1: Vifaa

Natumia Canon 700D, kamera iliyotoka mwaka 2013, niliyoinunua ikiwa imeshatumika. Ina megapikseli 18, yaani picha ya pikseli 5184 kwa 3456, na hiyo inatosha kuchapisha A4 safi na bado pikseli zikabaki. Anayekwambia huwezi kupiga picha nzuri ya mtu bila kamera ya mwaka huu anataka kukuuzia kamera.

Pesa ziweke kwenye lenzi. Mimi nina Canon 50mm f/1.8 STM, lenzi nyepesi ya gramu 160 tu. Kwenye kamera yenye sensa (kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga) ndogo kama hii inaona kama lenzi ya 80mm, na kwa uso wa mtu huo ni umbali mzuri: pua haivimbi, masikio hayarudi nyuma. Ukiwa na ile ya 18-55 iliyokuja na kamera pekee, usikate tamaa. Izungushe mpaka 55, rudi nyuma, na umweke mtu wako mbali na ukuta ili nyuma pafifie. Kosa kubwa ni kuiacha kwenye 18 na kumsogelea mzee mpaka puani.

Wenye Nikon wawe macho. Kamera za jamii ya D3000 na D5000 hazina mota ya fokasi (ya kulenga ukali wa picha) ndani yake. Lenzi za zamani za AF-D zitaingia vizuri, lakini fokasi utaizungusha kwa mkono. Tafuta iliyoandikwa AF-S. Si wauzaji wote watakaokwambia hilo.

Lenzi ya mtumba imulike kwa tochi ya simu, uitazame kutoka upande wa pili. Ukiona nyuzi nyembamba kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu. Iache hata kama bei ni ya kutupa. Kisha ifunge kwenye kamera, weka f/16 (namba ya f ni uwazi wa lenzi: ikiwa kubwa, tundu ni dogo), piga ukuta mweupe: madoa meusi yasiyohama ni vumbi la sensa, na hilo husafishika. Memori kadi nayo ijaribu kwa programu ya bure ya H2testw au F3 kabla hujaiamini. Kadi bandia huandikwa GB 64 ilhali ndani ina robo ya hizo, na picha zinazozidi hapo hupotea kimyakimya.

Vingine ninavyobeba: karatasi mbili nyeupe za manila za duka la vitabu, kitambaa cheusi (kwangu ni buibui kuukuu), betri ya pili, basi. Flashi siibebi. Humshtua mtu na kuvuta watoto wa mtaa mzima.

Nyumbani kamera ikae kwenye mkebe wa plastiki wenye kifuniko cha kubana, pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Mchele usiweke, una vumbi. Na ukitoka kwenye gari au duka lenye baridi ya AC, acha begi limefungwa kwa muda kabla ya kulifungua nje, la sivyo kioo kitaloa ukungu.

Hatua ya 2: Nenda mikono mitupu

Siku ya kwanza usibebe kamera. Tafuta mtu wa nyumba hiyo, au jirani anayeheshimika, akupeleke. Piga hodi, toa shikamoo yako, kaa barazani, unywe kahawa kama umepewa. Sema wewe ni mtoto wa nani na unakaa wapi, maana hilo litaulizwa kabla ya habari yoyote ya picha. Kisha eleza unachotaka na picha itaenda wapi.

Wakati unazungumza, macho yako yafanye kazi. Mwanga unaingilia mlango gani, saa ngapi? Anafanyia kazi wapi? Mikono yake inashika nini?

Hatua ya 3: Idhini, na si ya mara moja

Uliza maswali matatu, kila moja peke yake. Naweza kukupiga picha? Naweza kuionyesha watu? Naweza kuiweka mtandaoni? Wengi wataitika la kwanza na la pili, halafu wasite kwenye la tatu. Kusita huko kuchukulie kuwa ni hapana.

Kwa akina mama wengi wa Mji wa Kale utapata jibu la katikati: nipige, lakini sura isitoke nje. Basi piga mikono yenye hina ikikanda unga, na picha ya uso ibaki kwake. Ukiwa mwanamume, nenda na dadako au mkeo. Atakaa naye, na ndiye atakayemwambia mtandio umeenda upande.

Watoto wana sheria yao. Kenya tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na Septemba 2023 ofisi ya kamishna wa data iliitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila ridhaa ya wazazi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Kwa hiyo ukimpiga kocha na timu yake, ama uwe na ruhusa ya wazazi, ama upige ili watoto waonekane migongo.

Hatua ya 4: Mwanga

Hapa ndipo picha inapofaulu au kuharibika, kuliko kwenye kamera.

Mombasa iko nyuzi nne kusini ya ikweta. Jua hupanda karibu wima na kushuka karibu wima, kwa hiyo ule mwanga wa dhahabu unaosifiwa na vitabu vya Ulaya hapa ni wa muda mfupi. Ikifika saa tatu asubuhi jua tayari ni kali, na adhuhuri linatia mashimo meusi machoni. Usimpange mzee juani ati kwa sababu pana mwanga.

Tafuta kivuli kinachotazama ukuta unaopigwa na jua. Vichochoro vya Mji wa Kale vimejaa nafasi hizo: upande mmoja una kivuli, wa pili una ukuta wa chokaa unaowaka. Mweke mtu kivulini, aelekee ule ukuta mweupe. Umepata taa kubwa laini isiyolipiwa stima. Angalia tu rangi ya ukuta, kwani wa kijani au buluu utampaka mtu rangi hiyo shavuni, na haitoki kirahisi kwenye kompyuta.

Ndani ya nyumba, tumia mlango au dirisha moja na uzime taa za balbu. Mkalishe ubavu kwa dirisha, hatua moja ndani, kisha mgeuze polepole mpaka jicho la upande wa giza lipate tone la mwanga. Giza likizidi, mtu ashike manila nyeupe upande huo. Mwanga ukimwagika kila mahali na uso ukawa bapa, fanya kinyume chake: tundika kitambaa cheusi upande mmoja ili kinyonye mwanga.

Ngozi nyeusi huonyesha umbo lake kwa mng'ao, ule mstari wa mwanga kwenye kipaji, mfupa wa shavu na ncha ya pua. Ndiyo maana mwanga mpana wa ubavuni unaifaa kuliko jua la usoni. Mzee akiwa amejipaka mafuta ya nazi, usimpe kitambaa ajifute. Amekusaidia.

Hatua ya 5: Mipangilio

Piga RAW, yaani faili ghafi ambayo kamera haijaibana. Fokasi iwe ya nukta moja, iwekwe kwenye jicho lililo karibu nawe. Kivulini nje anza na f/2.8, ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 100, na shata (muda ambao kamera hupokea mwanga) itakuwa karibu 1/500 ya sekunde. Ndani kando ya mlango, ISO 800 na 1/160 kwa f/2.8 ileile. Rangi ya mwanga iweke kwenye alama ya kivuli, nje usiiachie kamera iamue.

Tatizo halisi la Pwani ni kanzu. Kamera hupima kana kwamba dunia nzima ni ya kijivu. Mwenye kanzu na kofia nyeupe akisimama mbele ya ukuta mweupe, kamera huona weupe umezidi na kupunguza mwanga, kwa hiyo kanzu inakuwa ya kijivu na uso unazama. Bonyeza kitufe cha +/- uende +1. Mtu huyohuyo akiwa na shati jeusi mbele ya mlango wenye giza, kamera itazidisha, nawe utashuka mpaka -2/3. Washa onyo la sehemu zilizoungua kwa mwanga, zimetemete kwenye kioo cha kamera. Pindo dogo la kanzu likimetameta, RAW itakuokoa. Kifua kizima kikimetameta, punguza.

Hatua ya 6: Picha yake

Ukishafika na kamera, mzee ataingia ndani. Atatoka na koti juu ya kanzu, kofia ya mkono aliyoihifadhi, na pengine bakora. Atasimama wima, mikono ubavuni, akikutazama bila kutabasamu. Wapiga picha vijana hapo huanza kusema, "Ami, kaa kawaida tu." Kwake yeye hiyo ndiyo kawaida ya picha.

Desturi hiyo ina ukoo mrefu. Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio kule Unguja mwaka 1930. Seydou Keïta alifungua studio yake Bamako, Mali, mwaka 1948, akatundika vitambaa vya maua nyuma ya wateja na kuwaazima saa na redio. Karibu na feri ya Likoni miaka ya 1990, wapiga picha wa barabarani walikuwa na pazia zilizochorwa meli na ndege. Kote huko anayepigwa ndiye aliyeamua aonekane vipi, na picha hizo bado zinatazamika. Zetu za kuvizia watu wakicheka sijui kama zitafika huko.

Basi mpige hivyo anavyotaka, miguu ionekane. Kwa lenzi ya 50mm kwenye kamera hizi utahitaji takriban mita nne na nusu ili mtu mzima aenee, na upana wa uchochoro hauna nafasi hiyo. Piga kwa urefu wa uchochoro, au rudi kwenye 18-55 uiweke 35, mita tatu zitatosha. Kamera iwe usawa wa kifua au chini kidogo, kwa sababu ukimpiga kutoka usawa wa macho utamfupisha miguu. Tumia f/5.6. Bakora na viatu viwe vikali kama uso, maana hakuvitoa ndani ili vififie.

Mwonyeshe kwenye kioo cha kamera. Akisema rudia, rudia.

Hatua ya 7: Picha yako

Sasa ameshapata yake, na mabega yatashuka yenyewe. Mwombe arudi kwenye kazi yake: sindano na kofia, juzuu na wanafunzi wake, karai la mahamri. Usimwambie atabasamu. Muulize, "Ulijifunza kwa nani?" Swali hilo halijawahi kuniangusha. Macho huenda mbali kidogo kabla jibu halijaja, na hapo ndipo ubonyeze. Endelea kubonyeza hata baada ya jibu.

Shata isishuke chini ya 1/250, mikono haitulii. Kumbuka kwamba kwa mita moja na nusu, f/2.8 inakupa ukali wa sentimita kumi hivi, na mshona kofia huishika kazi mbali na uso kuliko hapo. Chagua jicho au sindano. Ukivitaka vyote viwili nenda f/8, upandishe ISO bila woga. Kisha piga mikono peke yake. Lenzi hii inakubali kusogea hadi sentimita 35, kwa f/5.6.

Hatua ya 8: Kuhariri, kuchapisha, kurudisha

Natumia programu ya darktable, ni ya bure. Punguza weupe wa kanzu mpaka mishono ionekane, inua vivuli kidogo tu, ukome. Ukiviinua sana, ngozi nyeusi hugeuka rangi ya majivu. Kumng'arisha mtu awe mweupe kuliko alivyo sikubali, hata mwenyewe akiomba kwa mzaha.

Studio nyingi zitakuuliza inchi 5 kwa 7 au A4. Picha ya kamera ina uwiano wa 3 kwa 2, kwa hiyo 5 kwa 7 itakata nusu inchi ya urefu. Ndiyo sababu usijaze fremu mpaka ncha ya kofia, na ndiyo sababu uikate mwenyewe kabla fundi wa studio hajakukatia.

Peleka picha zilizochapishwa kabla hujaweka chochote mtandaoni. Yake iwe kubwa, A4. Yako iwe 5 kwa 7. Hapo muulize, "Nikuandikeje?" Mmoja atataka jina la ukoo, mwingine "Maalim" litangulie, mwingine jina asiliseme kabisa, aandikwe kwa kazi yake tu. Andika mbele yake, umsomee.

Faili ziweke kwenye diski mbili zinazokaa nyumba mbili tofauti, kila folda ikiwa na jina la mtu, mtaa na mwaka. Familia itakuja kuziomba, na mara nyingi itaitaka ile ya koti.