Jinsi ya kukariri neva 12 za kichwani (au list yoyote ndefu) kwa kutumia njia ya kwenda stendi

Mdogo wangu anasoma chuo cha afya hapa Moshi, juzi kati nimemkuta sebuleni saa sita usiku anaimba neva 12 za kichwani (mishipa ya fahamu inayotoka kwenye ubongo), ukimkatisha kwenye ya saba lazima aanze upya. Iliniuma kwakweli, maana hiyo kukremu ya kuimba naijua, asubuhi unafika kwenye mtihani kichwa cheupe. Nikamwambia funga hilo daftari ulale, kesho asubuhi tunatembea kwa miguu mpaka stendi.

Mbinu yenyewe ni kuweka unachokariri kwenye sehemu za njia unayoijua, na ni ya zamani sana. Cicero, yule Mrumi, anasimulia kwamba mshairi wa Kigiriki Simonides alitoka nje kidogo ya karamu, huku nyuma paa likaporomoka likaua wote waliokuwa ndani na miili ikaharibika hadi ndugu wakashindwa kuitambua, yeye akawataja mmoja mmoja kwa kukumbuka tu nani alikaa wapi.

Sasa unaanzaje. Tafuta njia ambayo hata ukifumba macho unaiona, ya kwenda kazini au sokoni, halafu chagua vituo 12 kwa kufuatana, vitu visivyohama (gari lililopaki usiliweke, kesho halipo). Sisi tunakaa upande wa juu kwahiyo tunashuka mpaka Mnara wa Saa halafu stendi. Geti letu ni namba moja, mfereji wa maji mbili, kijiwe cha boda tatu, kwa Mangi nne, njia panda ya muuza mahindi tano, na kuendelea. Mara ya kwanza itembee kwa miguu kabisa, simama kila kituo ukiangalie vizuri.

Kila kituo unaweka picha moja, na hapa ndo watu wengi wanakosea, wanaweka picha ya kistaarabu. Weka kubwa, inayotembea, ya ajabu mpaka uone aibu kumsimulia mtu. Neva ya kwanza ni olfaktori, ya kunusa, basi kwenye geti letu imening'inia pua kubwa kama gunia inanusa mbege na inapiga chafya. Ya tatu ni okulomota, inazungusha jicho, hiyo imejileta yenyewe: pale kijiweni kuna pikipiki ambayo taa yake ni jicho linalozunguka kila abiria anapopita, okulo jicho, mota pikipiki. Ya nne inaitwa troklea, neno lenye maana ya kapi, kwahiyo Mangi anavuta gunia la sukari kwa kapi huku jicho linaangalia chini miguuni, na kweli neva hiyo ndo inasaidia jicho kuangalia chini. Ya tano, trijemino, ina matawi matatu na inahusika na hisia za uso na kutafuna, kwahiyo pale njia panda kuna mzee anatafuna hindi la kuchoma na uso wake umegawanyika njia tatu. Ya kumi ni vagasi, jina linatokana na kuzurura maana inashuka kutoka kichwani mpaka kwenye moyo, mapafu na tumbo, tukamweka mzururaji anauzunguka Mnara wa Saa kabeba moyo mkono mmoja na utumbo begani. Ya 12 inaendesha ulimi, na stendi pale nani mwingine zaidi ya mpiga debe, ulimi umeburuza mpaka chini anaita Arusha Arusha Arusha.

Kwanini inakubali? Ndani ya ubongo kuna sehemu inaitwa hipokampasi, inashika kumbukumbu na pia inashika ramani. Mwanasayansi John O'Keefe akiwa London mwaka 1971 alionyesha kwamba kwenye ubongo wa panya kuna seli zinazowaka panya akifika sehemu fulani tu ya chumba, baadaye May-Britt na Edvard Moser wa Norway wakapata seli nyingine za kupimia nafasi, na wote watatu wakapewa tuzo ya Nobel 2014. Yaani ile njia ya stendi umeshaihifadhi bila kusoma hata siku moja, wewe unapachika tu mizigo juu yake. Kuna utafiti wa 2017 watu wa kawaida walifundishwa mbinu hii nusu saa kwa siku kwa siku 40, kwenye maneno 72 walitoka kukumbuka kama 26 wakafika 62 hivi.

Kurudia usisome tena daftari, fumba macho utembee njia kichwani, kabla ya kulala, kesho yake, baada ya siku tatu, baada ya wiki. List nyingine ya siku hiyohiyo itafutie njia yake, ukichanganya picha zinagombana. Na kuelewa lazima uelewe, mbinu inakupa majina na mpangilio, mgonjwa akipooza upande wa uso hapo ni darasa na vitendo.

Kesho yake dogo alitaja zote akakwama ya nane tu, ya kusikia na kuweka mwili sawa usianguke. Nikamuuliza pale kwa fundi redio uliweka nini, akasema sikio. Sikio tu, limekaa. Tukarudi palepale tukatoa, tukaweka konokono (koklea, sehemu ya sikio inayosikia, maana yake konokono) ndani ya spika kubwa ya fundi, muziki unapiga na konokono anayumba kama mlevi anataka kudondoka. Tangu siku hiyo hajaikosa.