Jinsi ya kupima daftari la uthamini kabla ya kulitangaza

Daftari la uthamini, yaani orodha ya thamani za ploti ambazo kaunti hutozea ada ya ardhi, likishatangazwa, kosa lolote lililomo huwa chakula cha mawakili. Kwa hiyo mthamini mwandamizi hulijaribu mwenyewe kwanza, likiwa bado rasimu. Maelezo haya ni kwa wewe unayefanya kazi kwenye kaunti nchini Kenya, vijana wameshakuletea thamani za mji mzima, na sahihi inayosubiriwa ni yako.

Nakukumbusha msingi. Ada ya ardhi kwetu kwa desturi hutozwa kwa thamani ya ardhi tupu, iwe juu yake pana ghorofa au kibanda cha mabati. Nairobi ilikaa miaka mingi ikitoza asilimia 34 ya thamani za daftari la 1982. Asilimia hiyo inatisha kuisikia, ila thamani zenyewe zilikuwa za enzi ambapo mitaa mingi ya leo ilikuwa mashamba. Daftari likizeeka hivyo, hakuna hesabu itakayolinyoosha. Hapa tunazungumzia daftari jipya.

Hatua ya 1: Kusanya mauzo, kisha uyachuje bila huruma

Hapa ndipo kazi yote ilipo, na ndipo wengi hukimbilia mbele. Bei iliyoandikwa kwenye hati ya uhamisho si lazima iwe bei iliyolipwa. Ushuru wa stempu ni asilimia 4 mjini na asilimia 2 mashambani, kwa hiyo wapo wanaotaja bei ndogo ili walipe kidogo. Mpigie mnunuzi simu. Muulize dalali. Ukipata bei tatu tofauti za ploti moja, iache; usizijumlishe ugawanye kwa tatu.

Ondoa pia mauzo ya baba kwa mwana, ya ndugu kugawana urithi, ya mnada wa benki, na yale ambayo mnunuzi ni jirani aliyetaka kuunganisha ploti zake mbili. Huyo wa mwisho hulipa zaidi ya soko, na bei yake haimsemei mtu mwingine.

Kama ploti iliuzwa na nyumba, toa gharama ya kujenga nyumba kama hiyo leo baada ya kupunguza uchakavu. Kinachobaki ni cha ardhi. Lakini kama nyumba ndiyo sehemu kubwa ya bei, usitumie uuzaji huo. Ukikosea kidogo kwenye uchakavu, ardhi inabaki bure au inapanda mara mbili.

Kila uuzaji unaoukataa, andika sababu. Utaihitaji baadaye.

Hatua ya 2: Peleka bei zote kwenye tarehe moja

Daftari lina tarehe yake ya uthamini. Uuzaji wa miaka miwili nyuma urekebishwe ufikie hapo. Tafuta ploti zilizouzwa mara mbili bila kubadilika, uone bei ilipanda kiasi gani. Usichukue asilimia ya mji mzima: barabara ikitiwa lami upande mmoja wa mto, upande wa pili haupandi nayo.

Hatua ya 3: Tafuta uwiano

Gawanya thamani ya daftari kwa bei ya soko. Hii ni mifano mitano niliyoitunga, kwa milioni za shilingi. Katika kazi halisi, tano hazitoshi kuamulia chochote.

Ploti A: bei 1.0, daftari 1.15, uwiano 1.15
Ploti B: bei 1.2, daftari 1.26, uwiano 1.05
Ploti C: bei 2.0, daftari 1.96, uwiano 0.98
Ploti D: bei 4.0, daftari 3.60, uwiano 0.90
Ploti E: bei 10.0, daftari 7.50, uwiano 0.75

Hatua ya 4: Soma vipimo vitatu, usiishie kwenye cha kwanza

Mediani, yaani uwiano wa katikati ukizipanga, ni 0.98. Viwango vya IAAO, chama cha kimataifa cha wathamini wa kodi, vinataka iwe kati ya 0.90 na 1.10. Tumepita.

Sasa mtawanyiko. Pima kila uwiano uko mbali kiasi gani na mediani: 0.17, 0.07, 0, 0.08 na 0.23. Wastani wake ni 0.11, gawanya kwa 0.98 upate asilimia 11 hivi. Kwa nyumba za kawaida hadi asilimia 15 inakubalika, na ardhi tupu huvumiliwa zaidi. Tumepita tena. (Kwenye Excel usitumie AVEDEV hapa: hiyo hupima umbali kutoka kwenye wastani, si mediani. Tengeneza safu yako kwa ABS, inayoondoa alama ya kutoa.)

Wengi hufunga faili hapa. Wewe endelea. Wastani wa kawaida wa uwiano ni 0.966. Kisha jumlisha thamani zote za daftari, 15.47, ugawanye kwa jumla ya bei, 18.2: unapata 0.85. Gawanya 0.966 kwa 0.85: 1.14. Kipimo hiki kinatakiwa kiwe kati ya 0.98 na 1.03. Tumeanguka, na vibaya.

Rudi juu uitazame orodha. Mwenye ploti ya milioni moja anatozwa kana kwamba ana ya milioni moja na laki moja u nusu. Mwenye ya milioni kumi anasamehewa robo nzima. Mediani haikuona kitu, kwa sababu maskini waliopandishwa na matajiri walioshushwa wamefutana.

Hatua ya 5: Rekebisha kiwango cha eneo, si ploti moja moja

Mara nyingi chanzo ni bei moja ya mita ya mraba iliyotumika mtaa mzima. Ploti inayotazama lami, yenye maduka, ikapewa bei sawa na ya nyuma inayofikiwa kwa kichochoro na kujaa maji msimu wa masika. Gawa eneo: la mbele na la ndani. Kila moja lipate kiwango chake kutoka kwa mauzo yake, halafu rudia hatua ya 3.

Jaribu kwa mauzo ambayo hayakutumika kupanga viwango. Tenga baadhi tangu mwanzo. Ukijipima kwa maswali uliyoyatunga mwenyewe, utafaulu daima.

Hatua ya 6: Tazama kama kuna aliyefukuza mauzo

Kuna mthamini atakayezisogeza ploti zilizouzwa pekee hadi zilingane na bei zake, na vipimo vyote vitang'aa. Dawa ni rahisi: linganisha ongezeko la thamani, daftari la zamani hadi jipya, kwa ploti zilizouzwa na ambazo hazikuuzwa mtaa huohuo. Kama zilizouzwa zimepanda asilimia 60 na majirani zao 20, mwite aliyeandaa eneo hilo akueleze.

Hatua ya 7: Andaa faili la pingamizi

Kwa kila eneo weka ramani, kiwango cha mita ya mraba, mauzo uliyotumia, na yale uliyokataa pamoja na sababu ulizoandika tangu hatua ya kwanza. Mlalamikaji karibu kila mara huja na uuzaji mmoja wa bei ya chini, na mara nyingi ni wa mnada au wa ndugu. Ukiwa nao tayari kwenye orodha ya mauzo yaliyokataliwa, kikao ni kifupi. Akija na ambao hukuuona, upokee, uchunguze, na kama ni halali urekebishe kiwango cha eneo lote, pamoja na majirani ambao hawakulalamika.